Lango la Uaminifu

Inatangazwa, kwa furaha na kwa sauti ya kutosha kusikika hadi jikoni, kwamba tangu Jumatatu ile saa mbili na nusu asubuhi, Taasisi ya Mambo ya Nje na Usalama haikuwa tena na shaka juu ya mtu yeyote. Suala la uaminifu wa watumishi, ambalo limewakosesha wakubwa usingizi tangu dunia iumbwe, lilikuwa limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Ufumbuzi wenyewe ulikuwa na upana wa mita moja na nusu, rangi ya kijivu, na ulisimikwa kwenye ukumbi wa kuingilia, kati ya meza ya mapokezi na choo cha wageni.

Uliitwa Lango la Uaminifu. Mtu alipanda juu ya bamba la chuma, akasimama wima, akabana pumzi, na baada ya sekunde tano taa ikawaka. Kijani: mwaminifu, pita. Nyekundu: mwenye mashaka, rudi nyuma. Hapakuwa na rangi ya tatu, kwa sababu, kama Waraka Namba Moja ulivyofafanua, nchi iliyo macho haina haja ya rangi ya tatu. Juu ya lango palibandikwa kibao: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO.

Mtumishi wa kwanza kuwashiwa nyekundu alikuwa mtafiti mwandamizi wa teknolojia ya China na usalama, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, mkavu wa mwili, ambaye jengo zima lilimwita Bi Mwongozo.

Jina hilo alilipata kihalali. Wataalamu wengine wa China pale Taasisi walikuwa watu wa mambo mazito. Walizungumzia mizani ya nguvu, karne ijayo, na majoka yanayoamka. Yeye alisoma miongozo ya matumizi. Kamera ikifungwa barabarani, mnara wa simu ukisimamishwa mlimani, yeye alikitafuta kile kijitabu chembamba ambacho kila mtu hukitupa pamoja na boksi, akakaa nacho, akakisoma kwa Kichina kutoka jalada hadi jalada, bila kuruka ukurasa, hata ule unaosema kifaa kisimwagiwe maji. Humo, alisema, ndimo zilimo siri za mataifa: chombo kinafanya nini, kinamripotia nani, na nani ana uwezo wa kukizima. Ni yeye aliyegundua kwamba taa zote za kuongozea magari mjini zilikuwa zikituma taarifa kila saa kwa fundi mmoja aliyekwisha kustaafu. Hakuna aliyekuwa akiwapeleleza wananchi. Ila hakuna aliyekuwa akiongoza magari pia.

Kwa miaka ishirini na moja alikuwa amejaza maboksi arobaini na matatu katika Chumba Namba Tisa. Kila kijitabu kilibandikwa karatasi za maelezo kwa mwandiko wake mdogo wa kubanana. Hayo maboksi ndiyo yaliyokuwa maisha yake. Hakuolewa nayo, lakini mdogo wake wa kike akiulizwa alikuwa akijibu kwamba ndoa nyingi hazifikii hapo.

Sasa, asubuhi ile, Bi Mwongozo alipowashiwa nyekundu, hakushtushwa na taa. Alishtushwa na maandishi. Chini ya taa palikuwa na kioo kidogo, na kwenye kioo yalipita maneno ya Kichina. Wenzake waliyaona kama mapambo. Yeye aliyasoma, akavua miwani, akaifuta, akayasoma tena.

"Kaka," alimwita mlinzi wa mlangoni, mzee mwenye masharubu aliyekuwa akiandika majina kwenye daftari. "Unajua imeniambia nini?"

"Imekwambia huaminiki, mama. Pole sana."

"Imesema: *Huyu bado hajanenepa. Arudishwe malishoni.*"

Mlinzi aliinua kalamu kwenye karatasi. Alimtazama Bi Mwongozo, akalitazama lango, kisha akamtazama mhasibu mkuu aliyekuwa akipita wakati ule, tumbo limemtangulia, taa ikawaka kijani kabla hata hajasimama vizuri.

"Mimi nilishaona tangu Ijumaa kwenye majaribio," alisema kwa sauti ya chini. "Hii kitu inapenda vitambi. Lakini mimi ni nani? Mwenye nguvu mpishe."

Bi Mwongozo alipanda ngazi moja kwa moja hadi kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi wa Taasisi alikuwa mtu wa miaka arobaini, nadhifu, ambaye alionekana kwenye televisheni kila wiki akieleza China inawaza nini. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Bi Mwongozo. Alisoma Kichina kwake kwa siku kumi na moja, akaaga kwa heshima zote, akaenda kusomea uongozi. Mpaka leo alimwita Mwalimu, na kila Ijumaa alituma mtu kuchukua boksi moja Chumba Namba Tisa ili Jumatatu awe na la kusema.

"Karibu Mwalimu, kaa. Nimesikia. Imenihuzunisha."

"Mkurugenzi, lile lango ni mzani wa kondoo."

"Mzani wa nini?"

"Kondoo. Wale wa kunenepeshwa kwa ajili ya soko. Anayefikisha kilo anawashiwa kijani. Asiyefikisha anarudishwa kula."

Mkurugenzi aliegemea kiti. Alikuwa na kipaji cha kuonekana anafikiri.

"Umejuaje?"

"Imeandikwa pale kwenye kioo. Nimesoma."

"Umesoma Kichina?"

"Ndiyo."

"Ndani ya jengo? Ukiwa umewashiwa nyekundu?"

"Nilisoma nikiwa nimesimama juu yake, sasa ningesomea wapi?"

Mkurugenzi alivuta karatasi akaandika kitu. Aliandika taratibu, kwa masikitiko, kama daktari anayeandika dawa chungu.

Hapa inafaa msomaji afahamishwe kuhusu Waraka Namba Nne, ambao ulikuwa fahari ya Kamati ya Tahadhari. Waraka ulisema kwamba hatari ya China inaingia kwa njia ya Kichina. Kwa hiyo mtumishi yeyote anayejua Kichina asiguse, asisome wala asifasiri andiko lolote la lugha hiyo ndani ya jengo mpaka athibitishwe na Lango. Wajumbe saba wa Kamati ya Tahadhari, waliokabidhiwa kazi ya kuchunguza teknolojia ya China, walichaguliwa kwa kigezo hicho hicho: hakuna hata mmoja aliyejua neno. Walikuwa safi kabisa. Mmoja alitaka kujiondoa kwa sababu aliwahi kujua kusema asante, lakini alipojaribiwa ilionekana ameshasahau.

"Mwalimu," alisema Mkurugenzi, "dai lako ni zito, na Kamati italipokea. Tatizo ni moja tu. Kamati haina mjumbe anayeweza kuthibitisha kama maneno yale ni hayo."

"Mwongozo wa hilo lango uko wapi?"

"Uko kwenye sefu ya mapokezi, umepigwa lakiri. Ni waraka wa kigeni wenye hatari. Hakuna aliyeufungua, na ninajivunia kusema hivyo."

"Mmenunua mashine, mkafunga mwongozo kwenye sefu?"

"Tumechukua tahadhari."

Alimweleza utaratibu, kwa upole uleule. Kila mtumishi alikuwa na nafasi tatu. Atakayewashiwa nyekundu mara tatu atahamishiwa Kitengo cha Mapazia, kinachohakikisha mapazia yote ya Taasisi yamefungwa. Nyaraka zake zitasagwa. Nafasi ya pili ni Jumatano, ya tatu ni Alhamisi, siku Mheshimiwa Waziri atakapokuja kuzindua Lango rasmi. Mashine ya kusagia karatasi itawasili Ijumaa.

"Maboksi yangu arobaini na matatu?"

"Yenye Kichina, Mwalimu. Yasiyo na Kichina yatabaki."

"Yote yana Kichina."

"Ndiyo maana imenihuzunisha," alisema Mkurugenzi.

Kufikia Jumatano Taasisi ilikuwa imejifunza kuishi na Lango. Watu wembamba walikunywa lita mbili za maji kabla ya kupanda bambani, wakapita kijani, wakageuka mbio kuelekea chooni. Katibu muhtasi mmoja alikuja na makoti matatu, siku ya jua kali. Mfagizi aliwashiwa nyekundu akiwa mikono mitupu na kijani akiwa na ndoo iliyojaa. Kamati ilikaa saa mbili kulijadili jambo hilo, ikaandika kwenye kumbukumbu kwamba mfagizi ni mwaminifu awapo kazini tu. Naibu mkurugenzi, ambaye alikuwa amejinyima vyakula vya mafuta kwa amri ya daktari, alipoteza uzalendo wake kwa nusu kilo. Alionekana kantini mchana akiurudisha kwa vijiko viwili.

Bi Mwongozo hakunywa maji. Alipanda kama alivyo, akawashiwa nyekundu, akasoma tena kuhusu malisho, akashuka. Safari hii mlinzi hakumpa pole. Aliandika jina lake akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayeandika msiba.

Jioni, nyumbani, mdogo wake alikuwa mezani akikata vitambaa. Waliishi wawili katika nyumba ya vyumba vitatu, cha tatu kikiwa cha cherehani. Mdogo mtu alikuwa fundi wa nguo, mwenye mwili wa kuonekana na mdomo usiolala.

"Dada, unahitaji kilo ngapi?"

"Mhasibu mdogo ana sabini na tano, anapita. Mpishi ana sabini na nne, hapiti."

"Na wewe?"

"Hamsini na nne."

"Ishirini na moja tu! Kwa mtu aliyetumikia miaka ishirini na moja, ni kilo moja kwa mwaka. Ngoja."

Alitoweka, akarudi na gauni la kijani kibichi, refu, la heshima. Alilibeba kwa mikono miwili, kama mfuko wa saruji. Kwenye pindo, kwenye mkanda na mabegani alikuwa ameshonea vipande vya chuma alivyovipata kwa fundi wa magari, kimoja kimoja, kila kimoja ndani ya kifuko chake, kazi safi isiyoonekana hata ukipindua.

"Vaa."

Bi Mwongozo alivaa. Alisimama. Alipiga hatua tatu hadi dirishani na tatu kurudi, akakaa kitini kupumzika, akajaribu kuinuka, akashindwa. Alijaribu mara ya pili. Mdogo wake alianza kucheka, naye akacheka, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Halafu yule aliyekaa kitini akawa analia, na hakujua ni wakati gani kicheko kilibadilika.

"Ni karatasi tu, dada," alisema mdogo mtu, naye amenywea.

"Si karatasi. Nimeanza nikiwa na miaka thelathini na mbili. Wenzangu walikwenda mikutanoni, mimi nilikuwa nasoma jinsi ya kubadilisha betri. Walinicheka. Nikasema, potelea mbali, iko siku mtu atahitaji kujua. Sasa wanakwenda kuyasaga, tena si kwa sababu wameyasoma wakayakataa. Wangeyasoma wakayakataa, ningekubali."

"Basi vaa gauni! Pita na chuma chako, yaokoe. Wao wenyewe wanapita na maji tumboni."

Bi Mwongozo alipapasa pindo lenye chuma. Alilipenda gauni, na aliyataka maboksi yake kuliko alivyowahi kutaka kitu.

"Kila karatasi niliyobandika mle nimeandika kilichopo," alisema mwishowe. "Sijaongeza nukta. Nikienda kuiongopea mashine kesho, nitakuwa nimeokoa kazi ya mtu mwingine. Nifungulie vifungo."

"Wewe," alisema mdogo wake akimfungulia, "ni mjinga wa kusoma. Wajinga wa kawaida wana dawa."

Alhamisi, jengo lilipambwa. Lango nalo lilikuwa limekamilishwa: wakala aliyeliuza alikuwa ameleta vipande vyake vilivyobaki na kuvifunga kwenye ukumbi wa mikutano, unaoingiwa kupitia Lango. Palikuwa na shata za chuma, za kushuka kama mapazia, juu ya madirisha na juu ya mlango. Ubavuni, upande wa mapokezi, palikuwa na mlango mdogo wenye vyuma vya mlalo, kimo cha paja la mtu mzima, ambao Kamati iliueleza kuwa ni wa kupitisha hewa ya kiusalama.

Wageni walipita mmoja mmoja na kijani ikawaka, kijani, kijani: wakurugenzi, makamishna, wenyeviti wa bodi, wajumbe saba wa Kamati, wakala mwenyewe. Waandishi wa habari na wapiga picha, watu wa kukimbia kutwa, waliwashiwa nyekundu wote na kuambiwa wasubiri nje, kwenye mapokezi. Kisha Bi Mwongozo akaitwa kwa nafasi yake ya tatu, mbele ya wote. Alivaa gauni lake la kila siku. Taa ikawaka nyekundu.

"Hatimaye," alisema Mkurugenzi kwenye kipaza sauti, "mfumo unafanya kazi."

Walipiga makofi. Bi Mwongozo alikwenda kusimama ukutani, karibu na mfagizi ambaye siku hiyo alikuwa amenyang'anywa ndoo.

Mheshimiwa Waziri aliingia wa mwisho, kama itifaki inavyotaka. Alipanda bambani. Bamba lilitoa mlio. Ikawaka kijani ambayo haijapata kuonekana, nzito, ya kumetameta, ukafuata muziki mtamu wa kengele. Mheshimiwa aliinua mkono, akapita, na nyuma yake shata zikashuka zote kwa pamoja, polepole, mpaka sakafuni.

Ndani, watu walishangilia. Waliamini ni sehemu ya sherehe. Kupitia mlango mdogo wa hewa ya kiusalama, wale waliobaki nje walisikia hotuba yote ya Mkurugenzi, halafu hotuba yote ya mwenyekiti wa Kamati, halafu Mheshimiwa alipouliza choo kiko wapi.

Choo kilikuwa nje, pale pale karibu na Lango.

Baada ya dakika kumi ilithibitika kwamba shata hazina kitasa. Baada ya dakika ishirini mlinzi alikuwa amekata umeme, na Lango likaendelea kwa betri yake. Fundi wa kuchomelea alipigiwa simu, akasema chuma hicho atakimaliza Jumamosi, akijaliwa. Wakala alikiri kwamba yeye huuza tu. Na muda wote huo Lango lilikuwa likisema, kwa sauti ya kike yenye adabu, sentensi moja ya Kichina, tena na tena.

Uso wa Mkurugenzi ulitokea kwenye vyuma vya mlango mdogo. Alikuwa amepiga magoti.

"Mwalimu! Mwalimu yupo? Inasema nini hiyo?"

Bi Mwongozo alisogea. Aliinama kidogo, mikono nyuma.

"Siwezi kukuambia, Mkurugenzi. Ninawashiwa nyekundu. Waraka Namba Nne."

"Hii ni dharura!"

"Nimelitafuta sana mle neno dharura. Halimo."

Sauti nzito ilisikika kutoka ndani. "Nani ameandika waraka huo? Ufutwe sasa hivi!"

Mwenyekiti wa Kamati alieleza, kwa heshima, kwamba waraka hufutwa na kikao halali chenye wajumbe wote. Mheshimiwa akauliza wajumbe wako wapi. Ikaonekana kwamba, kwa mara ya kwanza tangu Kamati iundwe, wajumbe wote saba wamehudhuria. Kikao kikafunguliwa pale pale. Hoja ikatolewa, ikaungwa mkono, mtu mmoja akataka kuchangia, Mheshimiwa akamtazama, akaacha. Waraka Namba Nne ukafutwa kwa kauli moja.

"Sasa soma!" alisema Mkurugenzi.

"Na maboksi yangu?"

"Hilo lina utaratibu wake, Mwalimu. Tutalijadili kikao kijacho."

"Haya. Na mimi nitasoma kikao kijacho."

"Mpe maboksi yake!" alinguruma Mheshimiwa, na safari hii sauti ilikuwa na kitu cha kibinadamu ndani yake. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Karatasi ilipenyezwa kati ya vyuma, yenye saini mbili na muhuri. Mkurugenzi alianza kushukuru. Bi Mwongozo alivaa miwani, akaisoma karatasi kutoka juu hadi chini, kisha akairudisha kwa njia ile ile.

"Hapa umeandika arobaini na mawili."

"Kumbe?"

"Liongeze lile la arobaini na tatu. Na uandike kwamba Chumba Namba Tisa ni changu, na ufunguo wake ni mmoja. Ijumaa nitakuwa nimefunga."

Ilirudi ikiwa imesahihishwa, herufi zimepinda kwa haraka. Bi Mwongozo aliikunja mara nne, akaiweka mkobani, akafunga zipu. Ndipo mlinzi alipofungua sefu, akavunja lakiri, akamkabidhi kijitabu chenye kurasa arobaini. Jalada lake lilikuwa na picha ya kondoo anayetabasamu. Wapiga picha waliipiga picha.

Alivuta kiti hadi kwenye mlango mdogo, akakaa, akasoma orodha ya yaliyomo, akafungua ukurasa wa kwanza.

"*Hongera kwa kuchagua zizi letu la kisasa…*"

"Ruka!" walipiga kelele wengi kwa pamoja.

"Mimi huwa siruki."

"Mwalimu, nakuomba. Inasema nini kwanza?"

"Inasema: *Kundi limetimia, vichwa thelathini. Lori linaitwa.*"

Wenyeviti wa bodi walitazamana. Mtu aliuliza, kwa sauti nyembamba, lori la wapi.

"Msiwe na wasiwasi. Namba ya lori hujazwa na mnunuzi ukurasa wa sita. Naona hamkufika ukurasa wa sita."

"Tunatokaje?" alisema Mheshimiwa.

"Hilo liko ukurasa wa thelathini na moja. Mnaweza kungoja, sasa tuko ukurasa wa kwanza."

"Nenda thelathini na moja!"

"Mheshimiwa, miongozo imepangwa kwa sababu…"

"Thelathini na moja!"

Bi Mwongozo aliheshimu mamlaka. Alifungua ukurasa wa thelathini na moja, akausoma kimya, kisha kwa sauti. Lango kubwa halifunguki mpaka zizi liwe tupu. Kutoka ni kwa mlango mdogo, mmoja mmoja. Mlango husoma kimo. Anayekaribia akiwa amesimama, haufunguki. Anayekaribia kwa miguu minne, kichwa kimeinama, unafunguka wenyewe.

"Miguu minne?" aliuliza Mkurugenzi.

"Wewe tumia ulichonacho, mwanangu."

"Haya, tumesikia. Asante."

"Bado. Ukurasa wa thelathini na mbili una onyo, kwa herufi kubwa, na namna ya kuzima…"

"Onyo lipelekwe kwenye Kamati!" alisema Mheshimiwa, ambaye kwa sasa alikuwa akizungumza huku amebana miguu.

"Hiyo ni amri, Mheshimiwa?"

"Ni amri!"

Bi Mwongozo alitoa kalamu, akaandika saa na dakika pembeni ya ukurasa wa thelathini na mbili, kwa mwandiko wake mdogo wa kubanana. Alifunga kijitabu juu ya kidole chake.

Itifaki ilizingatiwa. Kiongozi wa ngazi ya juu hutangulia. Mheshimiwa Waziri alipiga magoti, akaweka viganja sakafuni, akainamisha kichwa, kichwa kipana, chenye upara unaong'aa usio na unywele hata wa kuhesabia. Mlango mdogo ukainuka. Alipopita chini yake pakasikika *psss* fupi, ya upole. Alitokea upande wa pili, akasimama kwa kusaidiwa na mlinzi, akaenda chooni bila kumtazama mtu. Kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, katikati kabisa ya upara, palikuwa na mstari mpana wa buluu.

Wapiga picha, wale wasioaminika, walikuwa wamekaa mahali pazuri.

Waliofuata hawakuona. Walikuwa ndani, wamejipanga kwa vyeo, kila mmoja ameinamia visigino vya aliye mbele yake. *Psss*, kamishna. *Psss*, mwenyekiti wa bodi. *Psss*, mhasibu mkuu, aliyekwama kidogo akasukumwa. Mkurugenzi alitoka wa tisa, nywele zake nadhifu zikiwa zimegawanywa na buluu. Kwa mazoea ya miaka mingi alitabasamu kwenye kamera kabla ya kuuliza kwa nini watu wanacheka. Mfagizi alikuwa amekaa chini kwa kicheko, amejishika mbavu.

Mheshimiwa alirudi kutoka chooni. Humo alikuwa amekuta kioo. Alikuwa ameloa hadi kolani, ana povu la sabuni masikioni, na mstari ulikuwa pale pale, umezidi kukolea. Alipita katikati ya makamishna wa buluu hadi mbele ya kiti cha Bi Mwongozo.

"Hii ni nini?"

"Alama, Mheshimiwa. Aliyo nayo amekaguliwa, yuko tayari kwa soko."

"Inatoka na nini?"

"Sasa niusome ukurasa wa thelathini na mbili?"

"Usome."

Aliusoma wote, bila haraka, pamoja na herufi kubwa. Kabla ya mifugo kutoka, bonyeza kitufe cha kushoto kuzima rangi. Rangi haidhuru ngozi. Rangi haitoki kwa maji, wala kwa sabuni, wala kwa mafuta ya taa. Rangi hutoka pamoja na sufu, mnyama akinyolewa.

Nyuma yake makamishna walianza kujishika nywele kwa matumaini. Mheshimiwa alipeleka kiganja utosini taratibu, akakiacha pale.

"Na asiye na cha kunyoa?"

Bi Mwongozo alifungua ukurasa wa thelathini na tatu. Akafungua wa thelathini na nne. Aliendelea hivyo, ukurasa kwa ukurasa, Mheshimiwa amesimama mbele yake anangoja, kamera zikilia, mpaka akafika kwenye jalada la nyuma, kwani hakuwa mtu wa kujibu kabla ya kumaliza kusoma.

"Walioandika mwongozo hawakumtarajia asiye na sufu, Mheshimiwa," alisema.